Mirathi Tanzania Bara: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, Mahakama Kuu au Kabidhi Wasii?

Kikao cha ukoo kikishaisha na jina la msimamizi likishaingia kwenye muhtasari, swali linalofuata huwa moja: mahakama gani iko karibu? Hapo ndipo makosa huanzia. Mahakama iliyo karibu inaweza kuwa haina mamlaka kabisa juu ya mirathi ya marehemu wenu, na barua ya usimamizi, yaani hati inayompa msimamizi mamlaka juu ya mali, ikitolewa na mahakama isiyo na mamlaka haina nguvu, hata kama ndugu wote waliikubali. Kasoro hiyo huibuka baadaye, kwa kawaida nyumba ikiwa imeshauzwa na fedha zimeshaliwa.

Milango ni minne: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, na Kabidhi Wasii Mkuu, anayeongoza RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Yanayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, ina Mahakama za Kadhi, na ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kabla ya kuilinganisha, hakikisheni kwanza kama kila mali inahitaji mirathi. Nyumba iliyosajiliwa kwa jina la mume na mke kama wamiliki wa pamoja wasiogawana hisa huhamia kwa aliyebaki hai, naye hupeleka cheti cha kifo kwa Msajili wa Hati. Kama usajili unaonyesha kila mmoja ana hisa yake, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Isomeni hati yenyewe, msitegemee wanavyosema watu nyumbani. Mafao ya wategemezi kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii nayo hulipwa kwa utaratibu wa mfuko, kwa hiyo madai hayo yaanze kushughulikiwa mapema, sambamba na shauri.

Maswali matatu yanayochagua mlango

Marehemu aliishi kwa sheria ipi? Makazi yake ya kudumu yalikuwa wapi? Je, aliacha wosia unaomtaja mtekelezaji? Thamani ya mali huulizwa baada ya hayo.

Swali la sheria ndilo zito. Bara kuna mifumo mitatu ya kurithi asiyeacha wosia. Upo wa kimila, ambao kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba umeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Upo wa Kiislamu. Na ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika kwa Wakristo walioacha maisha ya kimila, na kwa wengine wasioguswa na mifumo miwili ya kwanza.

Ili tofauti ionekane, chukulia mali safi, baada ya mazishi na madeni, ni shilingi milioni 72. Marehemu mwanamume ameacha mjane mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na wazazi wake walishatangulia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anapata thumuni, sehemu moja kati ya nane, yaani milioni 9. Zinabaki milioni 63, ambazo mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike: milioni 31.5 kwake, na milioni 15.75 kwa kila binti. Kwa sheria ya 1865 mjane anapata theluthi moja, milioni 24, na watoto wote watatu wanagawana milioni 48 sawasawa, 16 kila mmoja, bila kuuliza nani wa kiume. Kwa Tangazo la 1963 mtoto wa kiume mkubwa yuko daraja la kwanza na mabinti wako daraja la mwisho. Mjane hana fungu marehemu akiwa ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Tangazo hilo limepigwa vita kwa miaka mingi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imevunja haki za wajane wawili walionyimwa urithi kwa sheria za kimila. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto kunyimwa matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Kwa hiyo msimamizi anayesimama mahakamani na Tangazo la 1963 peke yake mkononi, akidhani mabinti watanyamaza, ajiandae kwa rufaa.

Jambo moja hukosewa karibu kila familia: sehemu ya mjane au mgane katika mali waliyochuma pamoja si urithi. Ni mali yake. Itengwe kwanza, kinachobaki ndicho mirathi. Wakwe wengi huona ni ujanja, ila hoja hii inasimama chini ya mfumo wowote kati ya hiyo mitatu.

Sasa, nani anasema marehemu alikuwa chini ya sheria ipi? Ubatizo peke yake hautoshi, na kabila peke yake halitoshi. Mahakama hutumia vipimo viwili: mtindo wa maisha ya marehemu na nia aliyoionyesha. Aliishi mjini au kijijini kwa kufuata mila? Alifunga ndoa ya namna gani? Watoto wake aliwalea vipi? Aliwahi kuandika au kutamka mali yake igawanywe kwa utaratibu gani? Mkristo aliyekaa kijijini kwake, akitambika na kugawa mashamba kwa kufuata ukoo, anaweza kuwa chini ya mila. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani, akaishi Dodoma miaka thelathini na kwao akaenda kwa misiba tu, ni vigumu sana kumweka huko.

Mlango kwa mlango

| | Mahakama ya Mwanzo | Wilaya / Hakimu Mkazi | Mahakama Kuu |
|---|---|---|---|
| Sheria ya marehemu | Mila au Kiislamu tu | Yoyote | Yoyote |
| Kinachopima mamlaka | Sheria na makazi ya kudumu | Makazi, thamani ndogo au kutokuwepo ubishi | Haina ukomo |
| Kuanza | Fomu Namba I | Maombi rasmi, viapo, dhamana | Maombi rasmi, viapo, dhamana |
| Orodha ya mali | Ndani ya miezi 4 | Ndani ya miezi 6 | Ndani ya miezi 6 |
| Hesabu | Kwa vipindi ambavyo mahakama inapanga | Ndani ya mwaka 1 | Ndani ya mwaka 1 |
| Wakili | Mara nyingi si lazima | Inafaa | Karibu haiepukiki |
| Ubishi ukitokea | Husikilizwa hapo hapo | Unaweza kupanda Mahakama Kuu | Husikilizwa kama kesi ya madai |

Mahakama ya Mwanzo ndiyo nyepesi kuliko zote. Inaendeshwa kwa Kiswahili, ada ni ndogo, na kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, ziliandikwa kwa ajili ya mwananchi asiye na wakili. Unajaza Fomu Namba I, tangazo linatoka, siku ikifika wanaopinga husikilizwa, na ukikubaliwa unapewa Fomu Namba IV. Hiyo ndiyo karatasi ambayo benki na wasajili watakuuliza. Hakimu haanzi kwa kuuliza mali ni ya shilingi ngapi. Mirathi ya Muislamu mwenye maghorofa inaweza kusikilizwa pale, wakati ya mwalimu Mkristo aliyeacha chumba na sebule na akiba kidogo isiweze. Hili huwashangaza watu, lakini ndivyo mamlaka yalivyopangwa.

Ina nguvu nyingine isiyotumiwa vya kutosha: mkikosa kuelewana, inaweza kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwingine mwadilifu asiye na upande awe msimamizi. Familia huvutana mwaka mzima kati ya kaka mkubwa na mjane, kumbe jibu la tatu lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wosia wa kimila au wa Kiislamu pia huangaliwa pale, maana hakimu anapoteua msimamizi hutakiwa kuzingatia matakwa ya marehemu.

Kuhusu mahali: kinachohesabika ni makazi ya kudumu ya marehemu alipofariki. Alipozikwa hapahesabiki, wala mali ilipo, wala anapoishi msimamizi. Mtu aliyeishi Temeke, akafia hospitali Moshi na kuzikwa Rombo, mirathi yake ni ya Dar es Salaam. Ndugu wakiifungua Rombo kwa sababu kikao kilifanyika huko, na mjane akafungua nyingine Dar, yanapatikana mashauri mawili na wasimamizi wawili juu ya mali moja, na benki itazuia akaunti mpaka mahakama ya juu iamue. Barua moja inatosha kwa mali zote za Bara, nyumba ikiwa Mwanza na shamba Morogoro. Wakazi wa Dar es Salaam wajue kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia Temeke, kinachosikiliza mirathi na ndoa, ngazi za mahakama zikiwa mahali pamoja.

Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi ndizo zinazopuuzwa, na kwa Mkristo wa mjini ambaye familia yake inaelewana ndiyo njia ya kawaida. Wilaya inashughulikia mirathi ndogo, kwa ukomo wa thamani unaowekwa na sheria. Waulizeni karani wa masjala kiwango cha sasa kabla ya kuandaa nyaraka. Pia wapo mahakimu wakazi waliopewa na Jaji Mkuu mamlaka ya kutoa barua za usimamizi pale ambapo hakuna ubishi. Neno la kuzingatia ni ubishi. Mtu akiweka pingamizi na kulisimamia, faili huondoka kwenda Mahakama Kuu, na miezi mliyookoa inapotea. Kama mnajua fika kwamba kuna mtoto wa nje au ndugu ambaye atapinga, ni afadhali kuanzia juu moja kwa moja.

Mahakama Kuu ina mamlaka juu ya kila mirathi. Ni ya mirathi yenye mgogoro, mali kubwa iliyochanganyika na hisa na kampuni, marehemu aliyekuwa raia wa nje, na barua zilizotolewa nchi nyingine. Barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya Nairobi au London haitumiki benki ya Arusha mpaka Mahakama Kuu iipige muhuri wake. Kwa nchi za Jumuiya ya Madola upo utaratibu wa kufanya hivyo bila kuanza shauri upya. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote tangu marekebisho ya 2021, lakini fomu na nyaraka nyingi za huku juu bado huandikwa kwa Kiingereza. Hiyo ni sababu mojawapo watu huishia kwa wakili.

Kabidhi Wasii Mkuu si mahakama. Ni ofisi ya umma inayoweza kuwa msimamizi, na naye kwa kawaida hupitia mahakamani kuomba barua. Mchagueni warithi wakiwa watoto wadogo tupu, ndugu wakiwa hawaaminiani hata kidogo, au asipokuwepo mtu mwenye muda na uwezo. Gharama yake hukatwa kwenye mali, na kasi yake ni ya ofisi yenye mafaili mengi. Kwa familia inayoelewana hakuna sababu ya kwenda huko. Hata hivyo pigeni hodi RITA kuuliza jambo moja: marehemu alihifadhi wosia wake pale? RITA huandika na kutunza wosia, na ukiibuka baada ya mali kugawanywa, kila kitu kinarudi nyuma.

Wosia upo au haupo

Wosia ukiwepo na umemtaja mtekelezaji, yeye huomba wosia uthibitishwe. Mamlaka yake yanatokana na wosia wenyewe tangu kifo, na hatakiwi kuweka dhamana. Bila wosia, msimamizi hupata mamlaka siku anapopewa barua. Kabla ya siku hiyo hana haki ya kupangisha, kuuza wala kushtaki kwa niaba ya marehemu, hata kama kikao kilimchagua kwa kauli moja. Kama mtekelezaji amefariki au amekataa, wosia haufi. Mahakama huteua msimamizi na kumwambatanishia wosia aufuate.

Masharti ya uhalali yanatofautiana. Wosia wa mdomo wa kimila unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa Kiislamu hauwezi kuzidi theluthi ya mali, na hauwezi kumpendelea mrithi juu ya fungu lake. Chini ya sheria ya 1865 wanatosha mashahidi wawili, lakini shahidi aliyeachiwa kitu hukosa alichoachiwa, na ndoa iliyofungwa baada ya wosia huufuta. Kipengele hicho cha ndoa huwaumiza watu kuliko vyote: mtu anaandika wosia mzuri, anaoa au kuolewa, kisha anausahau kwenye droo.

Msimamizi mmoja au wawili

Mmoja ana kasi. Wawili huaminiwa zaidi, lakini kila fomu ya benki na kila hati ya ardhi itahitaji sahihi zote mbili, na mmoja akihamia mkoa mwingine kazi inakwama. Pendekezo letu: mmoja kwa familia ya nyumba moja, wawili, mmoja kutoka kila upande, pale palipo na wake wawili au watoto wa mama tofauti. Watatu ni wengi mno. Na msimchague mtu kwa sababu ni mkubwa kwa umri. Mchagueni anayetunza risiti.

Nyaraka, na zinapogoma

Cheti cha kifo kutoka RITA ndicho cha kwanza. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Zikipita, mnaingia kwenye usajili uliochelewa na ushahidi wa ziada. Kisha muhtasari wa kikao cha familia wenye majina na sahihi za waliohudhuria, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, vitambulisho, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, orodha ya warithi wote na orodha ya mali na madeni. Muhtasari wa ukoo kwa kweli si sharti la kisheria, na Mahakama Kuu imelisema hilo zaidi ya mara moja. Lakini Mahakama za Mwanzo huuomba, na hakimu akiuona ameshajua nani alishirikishwa. Uandaeni. Na mkizuiwa na ndugu waliokataa kukaa kikao ili wakukomoe, msidhani mlango umefungwa. Ombeni bila huo muhtasari na muieleze mahakama sababu.

Kwa Wilaya na Mahakama Kuu ongezeni maombi rasmi, kiapo kuhusu makazi ya marehemu, kiapo cha msimamizi, hati ya dhamana yenye wadhamini, hati ya kuonyesha hali ya kifedha ya mwombaji, na ridhaa ya warithi. Dhamana ndiyo huwachelewesha wengi: wadhamini wanasaini kwamba msimamizi akifuja watawajibika, na majirani hukimbia wakisoma hivyo. Tafuteni wadhamini kabla ya kwenda kwa wakili.

Kama miaka mitatu imepita tangu kifo, maombi ya ngazi hizo lazima yaeleze kwa nini mlichelewa. Kuchelewa hakuui haki, ila "hatukujua" si maelezo. Elezeni kwa tarehe: mtoto alikuwa mdogo mpaka mwaka fulani, hati ilikuwa imezuiliwa benki, shauri la awali lilifutwa.

Kinachogomesha maombi kuliko yote ni majina. Cheti cha kifo kinasema Juma Salum Juma, hati ya kiwanja inasema J. S. Mkwawa, akaunti ya benki iko kwa jina la utani la ujanani. Marehemu hawezi kurekebisha majina yake. Andaeni kiapo kinachounganisha majina yote ya mtu huyo mmoja, kiungwe mkono na barua ya serikali ya mtaa, kabla ya kufungua shauri. Mkisubiri mpaka barua itoke, itatoka na jina moja tu na benki itawarudisha mlikotoka.

Kosa la pili ni kumficha mrithi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana njia za kudai, na barua iliyopatikana kwa kuficha ukweli hufutwa. Mwandikeni kwenye orodha, kisha mahakama iseme anapata nini na kwa sheria ipi.

Baada ya barua kutoka

Hapa ndipo mirathi nyingi hulala. Msimamizi anapata Fomu Namba IV, anatoa fedha benki, anagawa, kisha anatulia. Barua ile ni kazi, na kazi hiyo ina tarehe. Mahakama ya Mwanzo inataka orodha kamili ya mali na madeni, Fomu Namba V, ndani ya miezi 4, na baada yake hesabu kwa Fomu Namba VI. Ngazi za juu zinataka orodha ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Muda unaweza kuongezwa ukiomba kabla haujaisha. Kutowasilisha ni sababu inayotosha kufutiwa usimamizi.

Fedha za benki na za mwajiri, kwa Mahakama ya Mwanzo, mara nyingi hupita kwenye akaunti ya mirathi ya Mahakama ndipo ziwafikie warithi. Pelekeni namba za akaunti za kila mrithi mapema, zikiwa kwa jina lake mwenyewe.

Mpangilio wa malipo haubadiliki: gharama za mazishi kwa kiasi cha heshima, gharama za mirathi, madeni, wosia, mwisho urithi. Msimamizi akigawa kwanza na mdai akaja, anaweza kudaiwa mfukoni mwake. Mkopo wa benki uangaliwe kwa jicho la pili: mikopo mingi ya watumishi hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na kifo kinapotokea bima ndiyo hulipa. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kukubali kwamba nyumba inadaiwa. Kodi ya mirathi haipo Tanzania, kwa hiyo anayewaambia mlipe "asilimia ya serikali" juu ya urithi anawatapeli.

Kwa ardhi iliyosajiliwa, kazi ni ya hatua mbili. Kwanza jina la msimamizi linaingizwa kwenye usajili, kwa cheo chake cha msimamizi. Pili anahamisha kwa warithi. Wengi huishia hatua ya kwanza, na miaka kumi baadaye watoto wa msimamizi wanaamini nyumba ni ya baba yao. Kwa ardhi ya kijiji mnaanzia Halmashauri ya Kijiji. Na kama kuna mvamizi au mpangaji anayekatalia nyumba, mwenye haki ya kumpeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni msimamizi. Shauri la mrithi asiye na barua hutupwa kwa kukosa sifa, hata akiwa na ukweli wote.

Mnunuzi naye asome hili. Ukiuziwa nyumba ya mirathi, omba kuona barua ya usimamizi, orodha iliyowasilishwa mahakamani ikiitaja nyumba hiyo, na ridhaa ya warithi. Nenda mwenyewe masjala ukathibitishe namba ya shauri. Fomu za kughushi zipo.

Kupinga: lini na wapi

Kwa ngazi za juu, anayehofia kwamba barua itatolewa bila yeye kujua huweka kaveati, yaani ilani ya kuizuia mahakama isitoe barua bila kumsikiliza. Inadumu miezi 4, kisha inakufa yenyewe, kwa hiyo iandikeni kwenye kalenda. Mahakama ya Mwanzo njia ni kufika siku iliyotangazwa na kupinga kwa mdomo au maandishi. Barua ikishatoka, mdai au mwenye maslahi anaweza kuomba ifutwe kwa sababu zinazojulikana: udanganyifu, kuficha jambo, maelezo ya uongo, kasoro kubwa za utaratibu, au kushindwa kuwasilisha orodha na hesabu. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Lakini kuna mahali mlango wa kufuta hufungwa. Msimamizi akishamaliza kazi, orodha na hesabu zikishapokelewa na mirathi kufungwa, Mahakama ya Rufani imeshasema hakuna tena usimamizi wa kufuta. Aliyedhulumiwa hubaki na njia ya kumshtaki aliyechukua mali, ambayo ni ndefu na ya gharama. Kwa hiyo anayejua ana haki asikae kimya akisubiri kuona watagawaje.

Kwa kifupi, nani aende wapi

Muislamu mkazi wa Tanga, nyumba mbili na akaunti, ndugu wanaelewana: Mahakama ya Mwanzo ya alikokuwa akiishi. Mkulima wa kijijini aliyefuata mila, hata kama alibatizwa: Mahakama ya Mwanzo, muhtasari ukieleza wazi maisha aliyoishi. Mkristo mtumishi wa mjini, hakuna wosia, hakuna ugomvi: Mahakama ya Wilaya au Hakimu Mkazi. Mtu huyo huyo, lakini kuna familia mbili zisizosalimiana: Mahakama Kuu tangu mwanzo. Wosia umehifadhiwa RITA na umemtaja Kabidhi Wasii, au wamebaki yatima wadogo bila mtu mzima wa kuaminika: Kabidhi Wasii. Marehemu aliyefia nje, na barua ya usimamizi imeshatolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola: Mahakama Kuu, kwa ajili ya muhuri tu.

Na kama mmeshafungua Mahakama ya Mwanzo mirathi ya marehemu aliyekuwa chini ya sheria ya 1865, msiiache hivyo kwa matumaini kwamba hakuna atakayeona. Acheni kuuza chochote leo, nendeni Mahakama ya Wilaya kuomba mwenendo ule ufanyiwe mapitio, kisha mfungue upya panapostahili. Cheti cha kifo, viapo vya majina na orodha mliyokwisha kuandaa vitatumika tena.